Pakiti zote zilifika salama, namba zikafika zimeharibika: kisa cha kuchagua programu ya kuhamisha mafaili kati ya PC na meinfremu, 1985

Kwanza

Kisa hiki ni cha kweli, nilikuwepo, na sehemu ya makosa ni yangu mimi mwenyewe. Majina ya watu na ya chuo nimeyaondoa, na idara nimeibadilisha kidogo. Naandika kwa sababu vijana wananiuliza sana siku hizi mambo ya kuhamisha data kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na nikiwasikiliza naona wanasumbuka na kitu kilekile tulichosumbuka nacho sisi enzi za flopi, ila wao wana intaneti ya kasi kwa hiyo wanaharibu data nyingi zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Mazingira

Mwaka ni 1985, chuo kikuu kimoja cha katikati ya Marekani, huko kwenye mahindi na soya. Mimi nilikuwa kijana wa Kitanzania nasoma na wakati huohuo nafanya kazi za saa chache kwenye kituo cha kompyuta, kazi yenyewe ni kusaidia watu waliokwama. Chuo kilikuwa na meinfremu ya IBM, yaani kompyuta kubwa inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, modeli 4381, inaendesha mfumo wa VM/CMS. Data zote za maana zilikaa humo.

Idara ya uchumi wa kilimo ndiyo iliyotuletea shida. Walikuwa wamenunua kompyuta ndogo kila mtu kwa wakati wake na kwa hela zake, kwa hiyo ukiingia ofisini kwao unakuta IBM PC XT kadhaa zenye diski ya megabaiti 10, unakuta Kaypro mbili za CP/M (mfumo endeshi wa kabla ya DOS), Apple IIe moja ya profesa mmoja mzee ambaye hakutaka kusikia habari ya kuibadilisha. Na wote wanataka kitu kimoja: kuchukua data za mashamba zilizoko kwenye meinfremu wazishushe kwenye mashine zao wakazichezee na Lotus (programu ya majedwali) au dBASE (ya kutunza rekodi) bila kusubiri foleni ya meinfremu.

Faili lenyewe kubwa lilikuwa na rekodi 6,000, kila rekodi baiti 200, jumla megabaiti 1.2. Leo hiyo ni picha moja mbovu ya simu. Enzi hizo flopi ya PC ilibeba KB 360, yaani faili moja ni flopi nne.

Sasa lazima nieleze kitu kuhusu laini, maana bila hicho kisa hakieleweki. Kulikuwa na njia mbili za kuingia kwenye meinfremu. Ya kwanza ni kebo ya koaksi, ile nene, inayotoka kwenye kontrola ya 3274 (sanduku la kuunganishia) mpaka kwenye terminali za 3278 (skrini na kibodi), hii ni ya kifalme. Ya pili ni laini za ASCII zinazopita kwenye sanduku jingine la mawasiliano, 3705, unaweza kuzifikia kwa modemu au kwa waya wa moja kwa moja, hii ni ya walalahoi. Laini ya walalahoi ilikuwa na tabia tatu. Kwanza inapitisha biti 7 tu, ya 8 inatumika kwa pariti, yaani biti ya kukagulia makosa. Pili ni ya kupokezana kama simu ya upepo, meinfremu ikimaliza kusema inatuma herufi moja, XON, maana yake "haya, ova", na wewe ukisema kabla ya hapo maneno yako yanapotea hewani. Tatu, meinfremu haisomi chochote mpaka ibonyezwe enta. Yaani unaweza kuituma herufi 132 ikakaa kimya inakuangalia tu kwa sababu hujamaliza mstari.

Na herufi zenyewe hazifanani. PC inatumia ASCII, IBM kubwa inatumia EBCDIC, orodha mbili tofauti za kuipa kila herufi namba yake. Herufi A kwa PC ni 41 kwa heksi (hesabu ya msingi wa 16, kila baiti inaandikwa kwa alama mbili, 0 mpaka 9 na A mpaka F), kwa meinfremu ni C1. Nafasi tupu kwa PC ni 20, kwa meinfremu ni 40. Hiyo 40 na 20 naomba uikumbuke.

Njia ya kwanza: kunasa skrini

Watu hawakusubiri ushauri wa kituo cha kompyuta, watu hawasubirigi. Waliingia na programu yoyote ya terminali, wakaandika TYPE na jina la faili, halafu wakaiambia PC isevu kila kinachopita kwenye skrini. Ukimaliza unafuta mistari ya juu na ya chini, faili unalo. Bure, na inafanya kazi kwenye mashine zote mpaka ile Apple.

Ila hakuna anayekagua chochote. Laini ya simu ikipiga kelele unapata mabano na vijidudu katikati ya namba, na kama kelele imegeuza 3 kuwa 7 hutajua kamwe. Meinfremu nayo ikiamua kukutumia ujumbe wa opereta kwamba saa 12 mashine inazimwa, ujumbe unaingia katikati ya data.

Kupandisha kutoka PC kwenda juu ndiko kulikokuwa na vituko zaidi. VM ilikuwa na herufi zake za kusahihisha unapoandika: # inakata mstari, @ inafuta herufi iliyotangulia. Mtu mmoja alipandisha orodha ya mauzo ambayo aliandika kama wafanyabiashara wanavyoandika, 10@2.35, maana yake busheli 10 (kipimo cha nafaka cha Marekani) kwa dola 2.35 kila moja. Meinfremu ikaona @, ikafuta ile 0 iliyo nyuma yake, ikaandika 12.35. Hakuna onyo. Orodha nzima ilikuwa hivyo, na ikapendeza macho, maana 12.35 ni bei kama bei nyingine. Aligundua kwa sababu mahindi ya dola 12 kwa busheli mwaka 1985 ni ndoto ya mkulima.

Kadi mbili za koaksi

Mkuu wa idara akasema basi, tununue kitu cha maana. Wakanunua kadi mbili za aina ya IRMA, unaichomeka ndani ya PC, unaunganisha kebo ya koaksi, PC inajifanya ni terminali ya 3278. Upande wa meinfremu ikawekwa programu ya IBM ya kuhamishia, IND$FILE. Faili la megabaiti 1.2 likawa linashuka chini ya nusu saa na mtu anakunywa kahawa.

Kwa hao wawili shida iliisha. Wengine wakaanza kupanga foleni kwenye hizo PC mbili, halafu wenye PC wakaanza kufunga ofisi zao kwa ufunguo. Mkuu akauliza kwa nini tusinunue kadi kumi. Tukamwambia: kila kadi inataka mlango wake kwenye kontrola, kontrola ina milango 32 na imejaa, kebo mpya inabidi ichimbiwe ukutani, na hata ukitoa hela zote hizo Kaypro na Apple hazina pa kuchomeka kadi hiyo. Akanyamaza. Nadhani kilichomnyamazisha ni Apple ya yule mzee, maana ndiye aliyekuwa analeta hela za utafiti.

XMODEM

Jamaa mmoja kituoni kwetu, mjuzi kweli wa asembla, alikuwa mpenzi wa XMODEM. Hii aliitunga Ward Christensen wa Chicago mwaka 1977 kwa ajili ya watu wa CP/M kupeana mafaili kwa modemu, na ni kitu kizuri kwa kazi yake. Inachukua baiti 128, inatanguliza namba ya bloku na kinyume cha namba hiyo (255 kutoa namba yenyewe) ili kuhakikisha, inamalizia na jumla ya ukaguzi, yaani baiti zote zimejumlishwa ili kosa lijulikane, upande wa pili unajibu sawa au rudia. Nyepesi, na kila mwenye Kaypro tayari anayo kwenye flopi.

Shida ni kwamba hakukuwa na ya VM. Jamaa akasema ataiandika. Akakaa wiki mbili, anakuja asubuhi macho mekundu, siku ya majaribio tukakusanyika, akaanzisha, ikajaribu mara 10, ikakata. Akarekebisha, ikajaribu mara 10, ikakata.

Nilikaa naye tukaangalia bloku ya kwanza baiti kwa baiti. Baiti ya kwanza 01, sawa. Ya pili ni namba ya bloku, 1, sawa. Ya tatu ni kinyume cha 1, ambayo ni 254, na 254 inahitaji biti zote 8. Laini yetu ina 7. Ikafika 126. Meinfremu inajumlisha 1 na 126 inategemea 255, haipati, inakataa. Yaani ilikuwa inafia kwenye baiti ya tatu, hata data haijaanza kusafiri! Na hata tungelitibu hilo, bloku ya XMODEM haina enta mwishoni, meinfremu ingekaa kuisubiri mpaka kesho. Jamaa alikunja karatasi zake akaondoka bila kuaga. Nilimwonea huruma, ila wiki mbili hizo zingeokolewa na dakika 10 za kuchora laini kwenye karatasi kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu.

Kermit

Kermit ilitokea chuo kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1981, Frank da Cruz na Bill Catchings, na jina ni la yule chura wa kwenye televisheni. Shida yao ilikuwa kama yetu kabisa: wanafunzi hawana nafasi ya kutosha kwenye kompyuta kubwa, wanataka kusevu kazi zao kwenye flopi, na chuo kina kompyuta kubwa za DEC-20 na IBM za VM/CMS pamoja na maikro, yaani kompyuta ndogo, za kila rangi. Kwa hiyo waliijenga wakianzia kwenye laini mbovu kuliko zote, na hapo ndipo wazo langu lote la kisa hiki lilipo. Pakiti ya Kermit, yaani kifurushi kimoja cha data, ni fupi, urefu wake haupiti herufi 96. Karibu kila kitu ndani yake ni herufi za kawaida zinazochapika, maana herufi za udhibiti (zisizochapika, kama enta) zinageuzwa kwanza na kutanguliziwa #, na baiti yenye biti ya 8 inatanguliziwa &. Mwishoni inaweka enta. Haizungumzi mpaka ipewe XON. Ukiisoma unaona kama waliitunga wakiwa wamekaa chumba cha pili kutoka kwetu.

Tepu ya Kermit ilikuja na kodi yake yote, yaani maandishi ya programu yenyewe, ruhusa ya kukopi na kugawia wengine ipo. Kukawa na swali la kuku na yai: ili upate programu ya kuhamishia mafaili kwenye PC, inabidi kwanza uhamishe faili. Wenyewe walishalifikiria. Programu ilikuwa imegeuzwa kuwa herufi za kawaida kwenye faili la .BOO, unalinasa kwa ile njia ya kizamani ya skrini, halafu unaandika kwa mkono programu fupi ya BASIC inayolirudisha kuwa programu halisi. Kelele kidogo tu kwenye laini na PC inaganda, unaanza upya. Nilirudia mara tatu.

Ikishakaa, bado haikuongea. Usiku tatu nilibadilisha mipangilio mmoja mmoja, pariti hivi, eko vile, mpaka nikapata: pariti MARK, handisheki XON, eko ya hapahapa iwe ON, udhibiti wa mtiririko NONE. Faili likaanza kushuka, pakiti zinahesabika kwenye skrini moja moja, raha tupu. Kesho yake nikafungua mwongozo nikakuta kuna makro tayari, unaandika DO IBM na hayo yote yanajipanga yenyewe. Sikumwambia mtu.

Tukafanya majaribio rasmi. Tulichukua waraka mmoja wa chuo wa kurasa kadhaa, tukaushusha kwenye XT, kwenye Kaypro, kwenye Apple, tukaupandisha, tukalinganisha, hakuna hata nukta iliyopotea. Mkuu akasaini. Nikaandika karatasi ya maelekezo ya ukurasa mmoja nikaibandika ukutani, na mstari mmoja wa karatasi hiyo ulisema: *Kermit inakagua kila pakiti, faili likifika bila kosa ujue limefika kama lilivyo.* Mstari huo niliuandika mimi kwa mkono wangu.

405 ikawa 202

Kulikuwa na dada mmoja Mkenya anafanya uzamili, mchapakazi hasa, ndiye aliyelishusha faili la mashamba lote. Alijua kwamba ndani ya rekodi zile namba hazikuandikwa kama maandishi, zilikuwa zimepakiwa kwa mtindo wa lugha ya programu ya COBOL, COMP-3, ambapo kila nusu ya baiti inabeba tarakimu moja na nusu ya mwisho inabeba alama, C ni chanya, D ni hasi. Akaandika programu ya Turbo Pascal ya kuzifungua. Kazi nzuri kabisa. Majina ya kaunti yalitoka yanasomeka vizuri, namba zikatoka, akakokotoa wastani.

Kuna kitu kilimsumbua kidogo, rekodi kadhaa zilikuwa zimekatika katikati, mstari unaishia njiani. Akadhani ni kelele za laini, akaziruka kwenye programu. Akaniuliza mimi, nikamwambia haiwezekani kuwa laini maana Kermit inakagua, labda data ilikuwa mbovu tangu huko juu, wewe ziruke tu. Ndiyo, nilisema hivyo.

Wiki kama tatu baadaye profesa wake anapitia majedwali, kidole kikasimama. Akasema shamba hili nimelikanyaga kwa miguu yangu, ni ekari 405, kwa nini hapa ni 202? Dada akashuka kwangu na karatasi mkononi.

"Kaka, hii Kermit yenu inakula mashamba ya watu."

Tukakaa. Kwenye PC nikafungua faili kwa DEBUG, programu ya kuonyesha baiti zenyewe, kwenye meinfremu nikachapisha rekodi ileile kwa heksi, tukaweka karatasi mbili kando kwa kando. Meinfremu: 00 40 5C. Isome, 0-0-4-0-5, chanya, 405. PC: 00 20 2A. Isome, 0-0-2-0-2, na A pia ni alama halali ya chanya. 202.

Unaona kilichotokea? Kermit iliambiwa faili ni maandishi. Kwa hiyo ilipoona 40 ikasema hii ni nafasi tupu ya EBCDIC, ikaigeuza kuwa nafasi tupu ya ASCII, 20. Ilipoona 5C ikasema hii ni nyota, ikaigeuza kuwa nyota ya ASCII, 2A. Ikaweka jumla ya ukaguzi juu ya hicho ilichokwisha kukigeuza, ikatuma, PC ikakagua, ikakuta sawasawa. Kila pakiti ilikuwa sahihi kabisa.

Tukaendelea kutafuta nikazidi kupata baridi. 504 ilikuwa imekuwa 263. 5,015 ilikuwa imekuwa 9,012, mtu kaongezewa karibu mara mbili. Hasara ya 405, ambayo ni 00 40 5D, ilifika 00 20 29, na programu ya dada ilikuwa inasema chochote kisichokuwa D au B ni chanya, kwa hiyo hasara ya 405 ikawa faida ya 202. Halafu zile rekodi zilizokatika: namba hasi inayoishia na sifuri, kwa mfano hasara ya 120, inaandikwa 00 12 0D, na 0D ni enta pande zote mbili, EBCDIC na ASCII. Turbo Pascal ikiiona inadhani mstari umekwisha.

Sasa fikiria. Watu wanapokadiria hasara wanaikata kwenye makumi, wanasema nimepoteza 350, nimepoteza 120. Rekodi tulizoziruka kwa ushauri wangu zilikuwa ni za mashamba yaliyopata hasara, na zile hasara ambazo hazikurukwa nyingi ziligeuka faida. Mwaka 1985, wakulima wa huko wanauza matrekta kwa mnada kulipa benki, sisi tuna jedwali linaloonyesha kilimo kinalipa.

Tulivyoamua baada ya hapo

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, tulitume faili kama la binari, baiti zifike kama zilivyo, PC izifungue. Tukaikataa kwa sababu mbili. Majina nayo yangefika kwa EBCDIC, kwa hiyo kila mwenye mashine angehitaji programu yake ya kugeuza vipande vya maandishi na kuacha vipande vya namba, na tulikuwa na aina tatu za mashine. Na kwenye laini ya biti 7 kila baiti yenye biti ya 8 inaongezewa &, faili linavimba.

Ya pili, tuzifungue namba hukohuko juu kabla ya kutuma. Ndiyo tuliyoichukua. Programu fupi ya COBOL ikaandikwa, inasoma rekodi, inatoa maandishi matupu, na alama ya hasi inakaa peke yake pembeni. Hilo la pembeni ni muhimu, maana COBOL ukiiacha inachanganya alama na tarakimu ya mwisho, 405 chanya inaweza kutokea kama 40E, na ukishawaeleza watu wa kilimo kwamba E ni 5 wanakuangalia vibaya.

Mwisho wa faili ikaongezwa rekodi moja ya ziada yenye idadi ya rekodi na jumla ya ekari zote, iliyokokotolewa na meinfremu. Ukishusha, unajumlisha mwenyewe, zisipolingana hugusi data.

Kadi mbili za koaksi zikabaki kwa wawili wenye mafaili makubwa. Nazo tulizikagua, na kumbe IND$FILE ukiipa chaguo la ASCII CRLF, la mafaili ya maandishi, inafanya ugeuzaji uleule na uharibifu uleule, ila kwa kasi zaidi. Mmoja wa wale wawili alikuwa na jedwali bovu pia, na alikuwa amelipia.

Dada alirudia uchambuzi wake wote. Ilimchukua muhula karibu nzima. Hakunilaumu, akaniletea chai tu siku moja akacheka.

Uchambuzi: kasi ilitupotezea muda

Mwanzoni mjadala wote ulikuwa ni kasi. Watu waliambiwa Kermit ni kobe, na kwa kweli ni kobe, lakini hakuna aliyekaa akapiga hesabu kobe anachelewa wapi. Piga: pakiti moja inabeba kama herufi 85 za data zako, kwa hiyo megabaiti 1.2 ni pakiti 14,000 hivi. Baada ya kila pakiti unasubiri meinfremu ijibu. Mchana mashine imelemewa, tuseme inajibu baada ya sekunde 1. Kwenye modemu ya biti 1200 kwa sekunde pakiti inachukua sekunde 0.8 kupita, jumlisha na kusubiri ni kama 1.85, zidisha, saa 7. Ukipata waya wa 9600, ambao una kasi mara 8, pakiti inapita kwa sekunde 0.1 lakini kusubiri ni kulekule, jumla 1.1, inakuja saa 4 na kidogo. Mara 8 ya kasi inakupa hata mara 2 huipati. Ila ukituma usiku, mashine inajibu kwa sekunde 0.3, waya uleule, saa 1 na nusu hivi. Idara ilikuwa tayari kununua modemu mpya wakati kitu walichohitaji ni mtu wa kukaa usiku, na mtu huyo nilikuwa mimi na nalipwa kidogo kuliko modemu.

Tena wengi hawakuhitaji faili zima. Tulipoanza kuchuja hukohuko juu, kaunti mbili, miaka mitatu, safu sita, faili likawa linaingia kwenye flopi moja na habari ya kasi ikafa yenyewe.

Uchambuzi: tulichofanya vizuri

Kuichagua Kermit lilikuwa chaguo sahihi na ningelirudia, na sababu kubwa ni kwamba ilikubali laini kama ilivyo. XMODEM ilitaka laini safi ya biti 8, kadi ilitaka kebo mpya na mlango mpya, Kermit ilikuja ikauliza nyinyi mna nini. Pia amri zake zinafanana kwenye mashine zote, kwa hiyo karatasi moja ya maelekezo ilitosha kwa PC, Kaypro na Apple ya mzee. Na kodi kuwa wazi kulitusaidia siku ya 405, maana tulifungua jedwali la kugeuza herufi tukaona 40 kwenda 20 imeandikwa pale waziwazi. Kwa IND$FILE ilibidi tukisie kwa kutuma faili la majaribio na kuangalia kilichotoka.

Uchambuzi: tulipokosea

Majaribio. Tulijaribu kwa waraka wa maneno matupu wakati kazi yenyewe ni namba zilizopakiwa. Waraka ungepita kwenye programu yoyote. Na mimi nikachanganya vitu viwili: jumla ya ukaguzi inalinda safari, kuanzia programu ilipoifunga pakiti mpaka ilipofunguliwa upande wa pili. Kilichofanywa kabla ya kufungwa haikijui. Nilikuwa nimekisoma hicho darasani na mtihani nikapasi, halafu nikabandika ukutani kinyume chake.

Kosa lingine, ambalo mimi naliona ndilo baya zaidi, ni zile rekodi zilizokatika. Data ilikuwa inatupigia kelele. Tungezichapisha hata tano tukaziangalia kwa heksi tungeona zote zinakatikia kwenye safu moja, ile ya faida na hasara, na kelele za laini hazichagui safu. Tukaziruka kwa sababu zilikuwa chache na tulikuwa na haraka.

Baadaye nilitengeneza faili la majaribio la kudumu, lina baiti zote 256 kwa mpangilio na rekodi kadhaa zilizopakiwa, chanya na hasi, na kila programu mpya au mashine mpya ilipoletwa ilipitishwa humo kwanza. Rekodi ya kwanza nikaiweka 405. Kuna kijana alinirithi pale kituoni, miaka kadhaa baadaye aliniandikia barua kwamba bado wanalitumia, na kwamba hakuna anayejua kwa nini inaanzia 405 ila wote wanajua ukiona 202 mwite mtu wa zamu.